Kiharusi na dawa za mitishamba za Kichina: maswali na majibu

Wachina humpa mgonjwa wa kiharusi mitishamba gani?
Mchanganyiko maarufu ni Buyang Huanwu Tang, ulioandikwa na tabibu Wang Qingren mwaka 1830 kwa ajili ya waliopooza upande mmoja. Una vitu saba: sita vya mimea, na cha saba ni nyungunyungu waliokaushwa. Mzizi wa huangqi peke yake una uzito kupita vingine vyote vikijumlishwa, kwani Wang aliamini mtu hupooza nguvu ya kusukuma damu inapopungua. Mzizi mwingine unaotumika sana ni danshen.

Je, imethibitika kwamba zinakinga ubongo?
Kwa panya wa maabara, matokeo mazuri ni mengi. Kwa binadamu mambo hayajaenda hivyo. Vidonge vya NeuroAiD vilijaribiwa kwa wagonjwa wapatao 1,100 katika nchi kadhaa za Asia. Matokeo ya 2013 yalionyesha kuwa baada ya miezi mitatu waliovitumia hawakuwa na nafuu ya maana kuliko waliopewa dawa bandia, yaani ya kulinganishia tu, isiyo na dawa ndani. Mwaka 2024 ikaja zamu ya FYTF-919, dawa ya maji iliyojaribiwa China kwa wagonjwa 1,648 waliovuja damu kwenye ubongo. Nayo haikusaidia.

Iliyofanya vizuri ni butilifthalidi, kemikali iliyopatikana kwanza kwenye mbegu za seleri. Katika utafiti wa China wa 2023 wenye wagonjwa 1,216, waliopona vizuri baada ya siku 90 walikuwa asilimia 56.7, dhidi ya 44 kwa dawa bandia. Ila hao walitibiwa pia hospitalini kwa kuyeyushwa au kutolewa damu iliyoganda, na dawa yenyewe sasa hutengenezwa kiwandani. Kutafuna seleri hakutakupa matokeo hayo!

Mama ameanguka ghafla, mdomo umepinda. Nimpe kwanza dawa ya Kichina?
Hapana. Usimpe kitu chochote mdomoni, maana huenda hawezi kumeza na atapaliwa. Mkimbize hospitali yenye kipimo cha CT, kinachopiga picha ya ndani ya ubongo. Kiharusi kinaweza kuwa cha mshipa ulioziba au uliopasuka, na kwa macho huwezi kutofautisha. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na dakika zinazopotea nyumbani zinahesabiwa humo humo.

Ninatumia dawa za hospitali. Naweza kuchanganya?
Usichanganye kabla ya kumwambia daktari. Danshen huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Kama ulinunua dawa kwenye kliniki ya Kichina Dar es Salaam au Nairobi na pakiti ina maandishi ya Kichina matupu, ibebe hivyo hivyo umwonyeshe.

Sasa nijikinge na nini?
Presha kwanza. Ipime, na ukiandikiwa vidonge usiviache kwa sababu unajisikia vizuri. Kisha sukari, sigara na chumvi. Chunguza pia kama mchanganyiko wako una gancao, yaani urukususu, ule mzizi mtamu: umo katika dawa nyingi za Kichina, na ukiutumia kwa wingi au kwa muda mrefu hupandisha presha.