Kwa nini gari huishiwa nguvu baada ya kubadilishwa injini, ilhali injini ni nzima?

Umetoa injini ya EJ20 iliyochoka kwenye Subaru Forester yako, fundi akakuwekea EJ25 ya mtumba. Inawaka vizuri, haivuji, haitoi moshi. Lakini ukikanyaga mafuta mlimani, gari linajikokota kana kwamba limebeba mawe. Watu hukimbilia kulaumu pampu ya petroli. Mimi ningeanza na noksensa (knock sensor), kile kidude kilichofungwa kwa bolti moja kwenye bloku ya injini.

Kazi yake ni kusikiliza. Ndani mna fuwele inayotoa umeme kidogo kila inapotikiswa. Injini hugonga pale petroli na hewa iliyobaki kwenye silinda inapolipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mshindo huo hudunda ukuta hadi ukuta na kuitikisa bloku. Kompyuta ya gari ikiupata, huchelewesha cheche ya plagi ili kuiokoa pistoni, na nguvu za gari hushuka papo hapo.

Sasa, noksensa yenyewe haijui kugonga ni nini. Hupeleka kila mtikisiko, na kompyuta ndiyo huamua, kwa kulinganisha na kelele za injini iliyotengenezewa. Silinda ni kama ngoma: chapuo hulia juu, msondo hulia chini. Silinda ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 92, nayo ikigonga hulia kwa takriban mitetemo 6,200 kwa sekunde. Ya EJ25 ni milimita 99.5, na mlio hushuka hadi karibu 5,800. Kelele za kawaida nazo hubadilika. Pistoni za kufuliwa (forged) hucheza kwenye silinda injini ikiwa baridi, na mauntingi ngumu, yaani vishikizo vya injini, hupitisha kila mtikisiko wa bodi. Kompyuta iliyopangwa kwa injini ya zamani ikisikia hayo yote, hudhani injini inagonga.

Mara nyingi, hata hivyo, kosa liko kwenye ufungaji. Ekzosi inagusa chesisi. Bati la kuzuia joto limelegea. Noksensa imekazwa kwa nguvu za mkono wakati nyingi za aina ya pete hutaka torki, yaani nguvu ya kukazia, ya karibu Nm 20, au imekaa juu ya kutu na rangi badala ya chuma kitupu. Halafu kuna waya, ambao mafundi wengi huudharau. Waya wa noksensa huwa na wavu wa kuzuia kelele za umeme. Ukiungwa kwa waya wa kawaida na kupitishwa kando ya koili ya plagi, kompyuta husoma umeme wa koili kama mlio wa injini.

Utajuaje kama ni kugonga kweli? Unganisha mashine ya kupimia gari, utazame taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Ikicheleweshwa hata unapopandisha mizunguko gari likiwa nyutro, karibu hakika ni kelele, kwa sababu injini isiyo na mzigo hugonga kwa nadra sana. Kisha tangi likikaribia kuisha, jaza petroli ya okteni ya juu zaidi, isiyolipuka yenyewe kwa urahisi. Taimingi ikitulia, injini ilikuwa inagonga kweli na noksensa ilikuwa inakuokoa. Isipobadilika, rudi kwenye ekzosi, bolti na waya. Vyote vikiwa sawa, hapo ndipo umtafute mtu wa kuipanga upya kompyuta ili viwango vyake vilingane na injini mpya.

Kuna wanaomaliza kazi kwa kuchomeka rezista mahali pa noksensa, au kuifungua na kuifunga pembeni kwenye nyaya ili isisikie chochote. Gari hurudisha nguvu siku hiyohiyo, na mwenye gari hufurahi. Tafadhali kataa. EJ25 ya turbo inajulikana kwa kuvunjika pistoni pale zinapokaa ringi, na kugonga ndiko huzivunja. Noksensa ikiwa kiziwi, utajua siku moshi wa buluu utakapotoka nyuma.