Je, binadamu huzaliwa na dini?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kila jamii, hata ile ambayo haijawahi kusikia adhana wala kengele ya kanisa, humjua Mungu Muumba kwa jina fulani, na kwamba kazi ya wageni ilikuwa kutafsiri tu. Uislamu uliingia Buganda katika miaka ya 1840, Waanglikana wakafika mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879. Kwa hesabu yangu, wote walikuta mlango uko wazi.

Aliyenitoa katika kosa hilo ni Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia Mwacholi wa kutoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na neno linalojitegemea la kuumba, swali likageuka kuwa: "Ni nani aliyewafinyanga?" Wazee hawakuelewa, maana mtu huzaliwa na mama yake, hafinyangwi kama chungu. Walipobanwa watoe jibu, mmoja wao akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kuugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, akapinda na kuota kibiongo kana kwamba amefinyangwa upya, na pepo anayeleta maradhi hayo huitwa Rubanga. Jina hilo likawa la Mungu wa Wakristo wa Kiacholi, na ndilo wanalosalia mpaka leo. Sijapata kuona jibu la kubanwa lililodumu namna hiyo.

Waacholi walikuwa na dini yao, tena nzito: kulikuwa na jok, nguvu zisizoonekana zilizotambikiwa. Aliyekosekana ni yule Muumba mmoja niliyedhani yumo kichwani mwa kila mtoto.

Basi tunazaliwa na nini? Maelezo yanayotajwa sana na wanasaikolojia yanafanana na mbwa wa nyumbani. Embe likidondoka juu ya bati usiku, hubweka. Upepo ukitikisa migomba, hubweka. Akikosea mara arobaini, hasara ni usingizi wako tu, lakini akinyamaza mara moja na kumbe ni mwizi, asubuhi zizi la mbuzi ni tupu. Akili yetu nayo, ikisikia mchakacho nyasini, huuliza "nani?" kabla ya kuuliza "nini?" Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara zikisogea huku na huku, na karibu wote wakaisimulia kama kisa cha viumbe wenye nia, wanaogombana na kukimbizana.

Hata hivyo, kubweka si kusali. Tafiti zilizojaribu kuonyesha kwamba wepesi huo wa kuona "nani" ndio unaomfanya mtu kuwa muumini zimetoa ushahidi hafifu, na katika Jamhuri ya Cheki watu wengi hawafuati dini yoyote, ingawa mbwa wao wa kichwani ni huyuhuyu wetu. Mbwa hasemi aliyeko gizani ni jok, malaika au paka wa jirani. Jina hilo mtoto hulipata kwa waliomlea, na mara mojamoja kwa mgeni asiyekubali kuondoka bila jibu.