Je, wajua picha ya ufukwe wenye jua inaweza kupigwa mezani, siku ya mawingu?

Anga ikifunga, wapiga picha wengi huweka kamera kabatini. Wapenzi wa picha za vitu vidogo hufanya kinyume: humwaga konzi mbili za mchanga kwenye sinia, hupanga kombe moja au mawili juu yake, kisha huisogeza meza dirishani. Picha ikitoka, mtazamaji anaona ufuo na jua la alasiri. Inawezekanaje?

Siri ya kwanza ni ukubwa. Lenzi halisi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, hukichora kitu kwenye kihisi cha kamera (kile kibamba kinachopokea mwanga) kwa ukubwa wake wenyewe, yaani 1:1. Kihisi cha fremu kamili, ukubwa wa kamera nyingi za kitaalamu, kina milimita 36 kwa 24, hivyo picha nzima inabeba eneo dogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Ukingo wa sinia hauonekani, na chembe ya mchanga, ambayo kipenyo chake hakizidi milimita 2, inasimama kama kokoto.

Bahari yenyewe ni kitambaa cha buluu kilichotundikwa nyuma. Hakitambuliki kwa sababu, kwa ukubwa huo na tundu la lenzi likiwa f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sehemu inayoonekana kwa ukali ina kina cha kama milimita moja tu. Kilicho nyuma yake kinayeyuka na kuwa rangi tupu. Ukikunja-kunja karatasi ya foili, ukaiweka mbele ya kitambaa na kuimulika, mikunjo yake inageuka viduara vya nuru, mithili ya jua linalometameta juu ya maji. Kwa simu, ambayo kihisi chake ni kidogo, ukungu huo ni mchache, kwa hiyo sogeza kitambaa nyuma zaidi.

Mawingu nayo yana kazi yake. Jua kali hutupa vivuli vyenye kingo ngumu na kuzifanya sehemu nyeupe za kombe zitoke pichani kama weupe mtupu. Mawingu huusambaza mwanga huo angani kote, ukaingia dirishani ukiwa laini. Tatizo ni kwamba mwanga laini mtupu huufanya mchanga uonekane bapa. Hapo ndipo unapotengeneza jua lako: taa ndogo ya mezani, iinamishwe hadi karibu iguse sinia, imulike kwa ubavu. Kila chembe inapata kivuli chake, na mawimbi uliyoyachora mchangani kwa uma yanainuka.

Kwa maoni yangu, uzuri wote wa picha hizi umo katika mchanganyiko wa mianga hiyo miwili. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na namba ikipanda mwanga huwa wa buluu zaidi: balbu ya manjano ina kelvini 2,700 hivi. Mwanga wa mawingu hufika kelvini 6,500 au zaidi na huelekea ubuluu. Weka urari wa weupe, yaani mpangilio wa kamera unaoamua rangi ipi ionekane nyeupe, kwenye alama ya jua, usiuache ujirekebishe wenyewe, la sivyo kamera itajitahidi kuifuta tofauti hiyo. Upande wa taa utakuwa wa dhahabu, na vivuli vitabaki na ubuluu.

Sasa lowesha mchanga kidogo kwa chupa ya kunyunyizia. Utaona unakuwa mweusi zaidi papo hapo, ingawa maji hayana rangi. Mchanga mkavu una hewa kati ya chembe, na mwanga hupinda sana unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye chembe, hivyo sehemu kubwa yake hurudishwa upesi juu. Maji yakijaza nafasi hizo, mwanga haupindi sana. Huzama ndani zaidi na kufyonzwa. Lowesha nusu tu ya sinia, utapata mstari ambapo wimbi limeishia. Matone juu ya kombe hukauka haraka. Ukichanganya maji na gliserini yatadumu.

Usitarajie kushika kamera kwa mkono. Kwa ukubwa wa 1:1, f/8 hupitisha mwanga kama f/16, yaani robo tu ya ule wa kawaida, na dirisha la siku ya mvua halina mwanga wa kuchezea. Tumia stendi ya miguu mitatu na kipima muda cha sekunde 2. Lenzi ikiingiwa na mchanga, pulizia kwanza kwa kipulizio cha mpira. Kitambaa kinafuata baadaye, kwa kuwa chembe ikisuguliwa huchuna kioo.