Malindi tunajuana: namna ya kufika kwenye kikao cha kuacha pombe

Anayekuja ofisini kwangu kwa shida ya pombe mara nyingi haanzi na swali la dawa. Hufunga mlango, huketi, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Nikienda huko kwenye kikundi, nani ataniona?" Hapa Malindi swali hilo lina uzito. Mtu wa Shella ana shemeji Maweni, dereva wa tuktuk alisoma na kaka yako, na ukionekana ukiingia mlango fulani alasiri, kabla ya isha habari zimeshafika kwenu. Kwa miaka niliyofanya kazi ya ushauri nasaha, naamini hofu hii imewarudisha wengi mangweni kuliko hata kiu ya pombe.

Pwani tuna neno sitara, na vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous), vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, vinaishi kwa jambo hilo hilo. Unataja jina lako la kwanza tu. Huulizwi kitambulisho wala unapofanya kazi. Yanayosemwa ndani yanaachwa ndani. Sharti la kujiunga ni moja, utake kuacha kunywa. Kiingilio hakuna, kikapu kikizungushwa anayetaka hutia chochote cha kulipia ukumbi na chai, na mgeni hadaiwi.

Lakini kabla ya kikao kuna jambo la afya ambalo naomba ulisome polepole. Kama asubuhi mikono inakutetemeka mpaka uonje mnazi au chang'aa ndipo itulie, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa unaweza kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili au ya tatu wengine huweweseka, huona wadudu ukutani, hutokwa jasho jingi, na wapo wanaokufa. Nimeona familia ikihangaika kutafuta mganga ikidhani mtu wao kapandwa na jini, kumbe ni pombe inayotoka mwilini. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Daktari ana dawa ya kutuliza, kama diazepamu, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Na kwa kuwa wengi huchanganya: methadoni ni tiba ya waraibu wa heroini, haitibu ulevi wa pombe.

Kutafuta kikundi, anza na simu. Namba 1192 ni ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na kupiga ni bure. Au nenda hospitali ya serikali uulize mshauri nasaha au kitengo cha afya ya akili. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwenu naye anaweza kukuelekeza, ila kama ni jirani yako na unaona haya, mruke. Ukipewa kikundi, uliza kama bado kinakutana, maana vikundi vidogo huhama ukumbi. Hakikisha saa pia: mwenzako akikuandikia 5, ni saa kumi na moja yetu, na nimeshaona mtu akifika mlango umefungwa akakata tamaa. Uliza tena kama kikao ni cha wazi, ambapo hata ndugu anaweza kukusindikiza, au ni cha wenye shida ya pombe peke yao.

Waislamu wengi huniuliza kwa nini baadhi ya vikao hufanyika katika kumbi za kanisa. Huko ni kukodi chumba tu. AA haifungamani na dini wala chama chochote. Humo hutajwa Mungu kwa kadiri kila mtu anavyomjua, na unaweza kuswali magharibi yako kisha ukaingia.

Ndani utakuta viti vimepangwa duara. Mmoja ataanza: "Naitwa fulani, mimi ni mlevi." Atasema yake, wengine watasikiliza, hakatizwi wala hahubiriwi. Zamu ikifika kwako na koo limekauka, sema, "Leo nasikiliza tu." Inatosha kabisa. Hudhuria mara tano sita kabla ya kuamua kama pamekufaa. Ukianguka ukanywa, rudi kikao kinachofuata, hutafukuzwa. Mke au mama wa mnywaji ana vikundi vyake, Al-Anon, na anaweza kwenda hata kama mwenyewe bado anakunywa.

Kama uko Ganda au Marafa na usiku hakuna usafiri, vipo vikao vya kwenye intaneti unavyoweza kuingia kwa simu, hata bila kuonyesha uso. Na wawili wenye nia hiyo moja wanaweza kuanzisha kikundi. AA yenyewe ilianza hivyo mwaka 1935 mjini Akron, Marekani. Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe miezi mitano tu, alisimama hotelini akitamani kuingia baa, akaishika simu akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari aliyeitwa Bob Smith, naye mlevi, na hao wawili ndio walioianzisha AA.

Kikao kikiisha usiondoke mbio. Saa ya kurudi nyumbani ndiyo saa ambayo mangwe imejaa na unaitwa kwa jina. Uliza nani anaelekea upande wenu, mtoke pamoja, na mkipita pale mpite mkizungumza.