Kabla hujamwambia aondoke

Kila kundi jipya la wanaokuja kujitolea ninaowafundisha kupokea simu za waathirika wa ukatili wa nyumbani huja na sentensi moja mdomoni: "Dada, mwache huyo mwanamume, ondoka." Nami nilianza nayo. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia mama mmoja hivyo hivyo. Akanyamaza. Nikasikia mlango ukifunguliwa, kisha akasema kwa uchangamfu, "Haya shoga, tutaongea kesho," akakata. Hakupiga tena.

Ukatili huu msingi wake si hasira, ni kutawala. Mwenye kutawala akihisi kamba inamponyoka, ndipo anapoikaza, na ndiyo maana siku za kuondoka na zile zinazofuata huwa za hatari kuliko zote. Kwa hiyo hatusukumi, tunapanga. Vitambulisho na vyeti vya watoto viko wapi? Simu yako anaipekua? Jirani gani ataita msaada akisikia neno mlilokubaliana? Begi la dharura likae kwa mtu unayemwamini, maana la chini ya kitanda litaonekana tu. Na kabla ya yote hayo: "Uko mahali unapoweza kuzungumza?" Kama hayuko, nauliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana.

Swali ambalo wageni wa kazi hii hulikwepa ni hili: "Amewahi kukukaba koo?" Liulize. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake ana uwezekano wa zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa naye. Tena mara nyingi shingo haibaki na alama yoyote, ilhali madhara ya ndani yanaweza kujitokeza baadaye, hivyo aende hospitali hata akijiona mzima. Aliyebakwa naye asichelewe: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72.

Kusuluhisha si kazi yetu. Ukiwakalisha wote wawili chumba kimoja, mmoja ataongea na mwingine atalipia akirudi nyumbani.

Upande wa kuelimisha jamii, kila mwaka tunazo Siku 16 za Uanaharakati dhidi ya ukatili wa kijinsia, Novemba 25 hadi Desemba 10, zilizoanza mwaka 1991. Tarehe ya kwanza ni kumbukumbu ya dada watatu wa ukoo wa Mirabal, waliouawa Jamhuri ya Dominika mwaka 1960. Maandamano na fulana sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni lile bango la mwanamke mwenye jicho lililovimba. Yule anayenyang'anywa mshahara na kuulizwa kila dakika alikuwa wapi hulitazama akasema, "Mimi sijafika huko." Mwanamume anayepigwa na mkewe ndiyo kabisa, halimhusu.

Bango langu halina picha. Lina maswali matatu: Unaogopa kuchelewa kurudi nyumbani? Unaomba ruhusa kumpigia mama yako? Fedha zako anashika nani? Nalibandika ndani ya mlango wa choo, mahali mtu anapoingia peke yake. Chini naweka vipande vya kuchana vyenye namba ya simu tupu, bila jina la huduma, maana kipande chenye maneno "ukatili wa nyumbani" kikikutwa kwenye pochi yake kitamletea balaa.