Je, wajua kwa nini fremu huota haraka kuliko tuta la barabarani?

Isevya, Ng'ambo, Gongoni, Chemchem: ukipita mitaa hii ya zamani ya Manispaa ya Tabora utaona jambo moja likijirudia. Nyumba iliyokuwa ya kuishi inatobolewa ukuta wa mbele, fundi anapachika shata mbili, na baada ya muda mfupi chumba kimoja kimekuwa duka la vipodozi na cha pili kina wakala wa pesa za simu. Vyumba hivyo vya biashara ndivyo tunavyoviita fremu. Mtaa huohuo unaweza kuwa umeomba tuta karibu na shule, au zebra, au hata kibao tu cha kuwaonya madereva, na ombi bado linazunguka. Watu wengi huhitimisha kwamba wakubwa hawajali. Lakini tazama nani anaamua nini. Anayeruhusu nyumba igeuke fremu na anayeweka tuta ni ofisi mbili, zenye bajeti mbili na wakubwa wawili, ilhali jambo lenyewe ni moja.

Tuanze na barabara. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2000. Kwa Tabora ndizo zile zinazoingia mjini kutoka Nzega, Urambo, Sikonge na upande wa Itigi. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi Julai 2017. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri yenyewe. Diwani akisimama kwenye baraza la madiwani akauliza kwa nini kata yake haina tuta, wa kumjibu alikuwa mhandisi wa manispaa, mwajiriwa wa halmashauri ileile, na fedha zilipita mikononi mwa mkurugenzi yuleyule. Siku hizi meneja wa TARURA huitwa kwenye baraza akatoa taarifa na kusikiliza kero, lakini maagizo yake ya kazi hayatoki pale.

Mabadiliko hayo yalikuwa na maana yake. Wahandisi wachache na fedha kidogo vilikuwa vimetawanyika katika halmashauri nyingi, na mwaka 2021 serikali iliongeza Sh 100 kwa kila lita ya mafuta ya gari ili barabara za TARURA zipate fungu la uhakika. Faida hiyo naikubali. Ila diwani, ambaye ndiye kiongozi aliye karibu na mtaa kuliko wengine, alibaki na mdomo wa kuomba bila mkono wa kuamuru.

Basi kwa nini wananchi wasijitengenezee tuta wenyewe? Sheria ya Barabara ya 2007 hairuhusu mtu kuchimba, kujenga au kuweka kitu barabarani bila ridhaa ya mamlaka inayoimiliki. Wengi huiona sheria hii kama urasimu mtupu. Mimi naitetea, na sababu iko kwenye umbo la tuta lenyewe.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu nchini, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva makini huhitaji kama sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu wake ukanyage breki. Mtoto akichomoka nyuma ya bajaji iliyoegeshwa mita 14 mbele, gari hilo linamfikia kabla breki hazijaanza kushika. Lingekuwa kwenye kilomita 30, ndani ya sekunde hiyo lingekata mita 8 na kidogo, na kwenye lami kavu lingeweza kusimama hatua moja kabla ya mtoto. Tena kishindo cha kugonga hakipandi sawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kugonga huwa mara nne. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilihimiza mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale watembea kwa miguu na magari wanapochanganyika. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Kazi ya tuta, kwa hiyo, ni kumfanya dereva mwenyewe atake kupunguza mwendo. Katika miaka ya 1970 watafiti wa barabara nchini Uingereza walipima maumbo mbalimbali na kupata moja lililofanya kazi hiyo vizuri: mgongo wa duara wenye upana wa mita 3.7 kwa kufuata barabara, na kimo cha sentimita 10. Mgongo mpana hivyo hunyanyua gari zima taratibu. Ukipita polepole husumbuki; kadiri unavyokimbia ndivyo unavyorushwa.

Tuta la kujitengenezea, la kifusi au gogo au tairi lililofukiwa, huwa jembamba na kali. Hilo hufanya kinyume. Anayepita polepole ndiye anayeumia zaidi, na anayekimbia anaweza kuvuka kwa mshtuko mmoja ambao springi za gari zinaumeza. Madereva hulizoea kwa kulirukia. Bodaboda hupita pembeni kabisa, penye waenda kwa miguu. Mwenye baiskeli iliyobeba gunia la mkaa, na Tabora ni mji wa baiskeli, anayumba au anaanguka. Usiku tuta lisilo na rangi wala kibao huwa mtego, na gari la wagonjwa linalokwenda Hospitali ya Kitete likiwa na mama mwenye uchungu hulipita kwa mateso. Ongeza maji: mji uko sehemu tambarare, mvua za Novemba hadi Aprili zikikuta mfereji umezibwa na tuta, maji hutafuta milango ya watu.

Turudi sasa kwenye nyumba, maana huko ndiko magari, bodaboda na wateja huanzia.

Nyumba nyingi za mitaa hii ni zile tunazoziita nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma penye jiko na choo, na baraza mbele. Hakuna nyumba rahisi kugeuza kama hii. Vyumba viwili vya mbele tayari vimepakana na njia. Ukivunja dirisha ukaweka shata, umepata fremu mbili, na familia inaendelea kupita koridoni kama zamani. Kodi ya fremu huipita kodi ya chumba cha kulala. Mama mjane anayesomesha watoto kwa kodi ya vyumba anafanya hesabu ambayo yeyote kati yetu angeifanya, na sitamlaumu.

Tofauti inaonekana ukilinganisha na katikati ya mji, kwenye majengo ya zamani ya wafanyabiashara wa Kihindi, chini duka na juu makazi. Yale yalijengwa kwa biashara tangu msingi, kwenye njia pana. Vichochoro vya mitaa ya zamani vilipangwa kwa watu wanaotembea kwa miguu kwenda kisimani, msikitini na sokoni. Fremu moja haidhuru kitu. Fremu ishirini mfululizo huleta kirikuu, gari dogo la mizigo, ya kushusha soda asubuhi, bodaboda wanaosubiri abiria, wateja wanaosimamisha gari kidogo tu, na bidhaa zinazotoka ndani, zikakaa barazani, kisha zikashuka hadi ukingoni mwa barabara. Mtembea kwa miguu anabaki na lami. Hapo mtoto anachomoka nyuma ya bajaji, na bajaji yenyewe ipo pale kwa sababu ya fremu.

Fremu si mageuzi pekee. Wanafunzi wa Chuo cha Ardhi, wa Uhazili na wa vyuo vingine wanahitaji pa kulala, hivyo nyumba za kawaida zinageuka hosteli. Nyingine zinakuwa chekechea, gesti au baa. Kila moja ina saa zake za hatari: chekechea asubuhi na adhuhuri, baa usiku.

Je, mwenye nyumba anahitaji ruhusa? Anahitaji. Hati ya kiwanja, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, hutolewa kwa matumizi maalumu: makazi pekee, makazi na biashara, biashara, na kadhalika. Kuyabadili matumizi hayo kunasimamiwa na Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Mwombaji humwandikia mkurugenzi wa manispaa, kusudio hutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kupinga, wataalamu wa mipango miji wanakagua, na ombi linajadiliwa kwenye kamati ya madiwani inayoshughulika na mipango miji na mazingira kabla ya kupelekwa kwa mamlaka za ardhi kukamilishwa. Kuvunja ukuta na kujenga upya kunataka kibali cha ujenzi.

Hiyo ndiyo njia ya karatasi. Mitaani wengi hawaipiti. Nyumba nyingi za zamani hazina hati, zina leseni ya makazi au karatasi za mauziano tu, na mwenyewe hujiona hana matumizi ya kubadili. Shata huwekwa mwishoni mwa wiki. Mpangaji wa fremu akienda kuomba leseni ya biashara, hutakiwa namba ya mlipakodi na mkataba wa pango, na leseni inatoka. Halmashauri inapata mapato, mwenye nyumba anapata kodi, mpangaji anapata riziki. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye kazi yake ilimtaka aulize wateja watasimama wapi na mtoto wa jirani atavukia wapi. TARURA ndio wenye jibu, na TARURA hawakuwepo.

Kwenye barabara kuu mambo hujitokeza kwa ukali zaidi, kwa sababu ya hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya 2007 ilitanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Hapo ndipo zilipotokea zile alama mbili za X kwenye kuta: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hana fidia, na ya kijani kwa aliyefuatwa na hifadhi mpya, ambaye anastahili kulipwa eneo likihitajika. Anayefungua fremu kwenye nyumba yenye X anawekeza fedha kwenye ukuta wenye tarehe ya kufa, na mpangaji wake mara nyingi haambiwi.

Lami nayo inazidisha haraka ya jambo hili. Tabora ni mojawapo ya miji iliyomo kwenye mradi wa TACTIC wa kuboresha miundombinu ya miji, na kila mtaa unaopata lami hupata mambo mawili kwa pamoja: mwendo wa magari unapanda, na mvuto wa fremu unapanda. Wakati mzuri wa kuweka tuta, njia ya waenda kwa miguu na sehemu ya kuegesha ni wakati mchoro uko mezani. Mkandarasi akishaondoka, tuta linakuwa mradi mpya unaosubiri bajeti ya mwaka mpya, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai.

Napendekeza jambo ambalo halihitaji sheria mpya. Kamati ya mipango miji inapopitia ombi la kubadili matumizi, iombe kwanza maoni ya maandishi ya meneja wa TARURA, au wa TANROADS kama nyumba iko kwenye barabara yao. Madiwani wana nguvu ya kuweka masharti: shata irudi nyuma mita kadhaa ili pawe na nafasi ya kusimama, mlango wa chekechea ufunguliwe uchochoroni badala ya barabarani, bidhaa zisivuke mstari wa baraza. Kwa namna hiyo diwani anarudishiwa sehemu ya usemi aliokuwa nao kabla ya 2017, kwa kupitia nyumba ambazo bado ziko mikononi mwa halmashauri.

Kwa mkazi anayetaka tuta, njia ni hii. Suala lizungumzwe kwenye mkutano wa mtaa na liandikwe kwenye muhtasari. Ombi la mdomo kwa mwenyekiti halifiki popote. Mtendaji aupeleke muhtasari kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na nakala iende moja kwa moja kwa meneja wa TARURA wa wilaya kabla bajeti haijafungwa. Barua itaje mahali kamili, ajali zilizotokea na saa zake, na idadi ya watoto wanaovuka, kwa sababu mhandisi hupanga maombi kwa uzito wa hatari. Isiagize tuta pekee. Huenda mahali penyewe panafaa zaidi rasta (vituta vidogo mfululizo vinavyotikisa gari), kivuko kilichoinuliwa au kipilefti. Na kama barabara ni ya TANROADS, mwombeni diwani ahakikishe hoja yenu inafika Bodi ya Barabara ya Mkoa, chini ya mkuu wa mkoa. Hiyo ndiyo meza ambayo TANROADS, TARURA na halmashauri huketi pamoja.