Komedi ya kurudiana: siku 90 za Irene Dunne

Mume anarudi nyumbani kwake New York na kapu la machungwa. Kwa kauli yake ametoka Florida kupumzika. Hakufika huko hata siku moja. Rangi ya jua iliyo usoni mwake ameipata chini ya taa ya umeme klabuni. Mkewe hayupo. Anakuja baadaye, bado na gauni la dhifa la jana usiku, ameandamana na mwalimu wake wa kuimba, na maelezo yake ni kwamba gari liliharibika njiani ikabidi walale kwenye nyumba ya wageni. Mume ananuna. Mke naye anatwaa chungwa moja, analigeuza: limepigwa muhuri wa California.

Hapo wakili anapigiwa simu, na ndoa ya Jerry na Lucy Warriner inavunjika, au inaanza kuvunjika. Filamu ndiyo kwanza imeanza. Inaitwa The Awful Truth, yaani ukweli mchungu, na ilitoka mwaka 1937. Lucy ni Irene Dunne, Jerry ni Cary Grant. Mtu akitaka kuelewa nini maana ya komedi ya kurudiana, simjui mwalimu bora kuliko filamu hii.

Komedi ya mapenzi tuliyoizoea huanza na wawili wasiojuana. Wanakutana, wanapendana, kinatokea kizuizi (baba mkali, umaskini, uongo fulani), kizuizi kinaondoka, wanaoana, hadithi imekwisha. Komedi ya kurudiana huanzia pale nyingine zinapoishia. Wahusika wamekwisha oana. Wanajuana hadi uvivu wao na uongo wao. Swali si kama watapatana kwa mara ya kwanza, bali kama watapatana tena, na kizuizi hakiko kwa baba wala kwa majirani. Kizuizi ni wao wenyewe.

Aliyelipa kundi hili jina ni Stanley Cavell, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1981. Alichagua filamu saba za Hollywood zilizotengenezwa kati ya mwaka 1934 na 1949, The Awful Truth ikiwa mojawapo, akasema zote zinafanya kazi moja. Aligundua vitu vinavyojirudia: mke hana mtoto, mama yake haonekani, baba akionekana huwa upande wa binti, na mwisho wa mambo wawili hao hutoka mjini wakaenda shamba ndipo akili zikawatulia. La muhimu kuliko yote, wanaongea. Wanaongea kwa kasi, kwa kukatana kauli, kwa kejeli, na kwa Cavell mazungumzo hayo ndiyo ndoa yenyewe. Moja katika saba zake, It Happened One Night ya mwaka 1934, haina hata wanandoa waliotalikiana. Aliiingiza kwa sababu wawili wale safarini wanagombana kama watu walioishi pamoja miaka kumi. Kwa hiyo jina lisichukuliwe kama kipimo cha mahakama.

Kwa nini hadithi za namna hii zilistawi wakati ule? Sababu moja ni ya kikazi tu. Tangu katikati ya mwaka 1934 studio za Hollywood zilibanwa na kanuni za maadili zilizosimamiwa na ofisi ya Joseph Breen, na bila kibali chake filamu haikupata kumbi kubwa. Uzinzi haukuruhusiwa kuonekana kama jambo la kupendeza. Waandishi wakatafuta upenyo: ukichukua mtu na mke wake, ukawatenganisha kwa karatasi ya mahakama, kila mmoja anaweza kutoka na mtu mwingine na wivu ukawaka, kisha ukiwarudisha pamoja hakuna mkaguzi atakayepiga kelele. Walikuwa mume na mke tangu mwanzo.

Msomaji wa Pwani hahitaji kusukumwa sana kuielewa filamu hii. Jaji anatoa talaka, lakini haikamiliki papo hapo. Itakuwa ya mwisho baada ya siku 90. Sisi tuna neno eda. Mke aliyepewa talaka rejea hukaa takriban miezi mitatu, na ndani ya muda huo mume anaweza kumrejea bila kufunga ndoa upya. Eda ikiisha, mlango umefungwa. Akimtaka tena ni posa mpya na mahari mpya. Sheria hizi mbili hazina undugu, moja ni dini na nyingine ni taratibu za mahakama za Marekani, ila hisia ya kuhesabu siku ni ile ile.

Tofauti yake pia inafunza. Mke wa talaka rejea hubaki kwenye nyumba ya mume wakati wa eda, na wanaonana kila siku. Lucy anahamia kwenye fleti pamoja na shangazi yake Patsy. Basi filamu inalazimika kubuni visingizio vya kuwakutanisha, na kisingizio kikubwa ni mbwa. Mahakamani wanamgombea mbwa wao, Bwana Smith, kama watu wanavyogombea mtoto. Jaji anamwacha mbwa achague. Lucy anamwonyesha kwa siri kichezeo chake alichokificha, na mbwa anamkimbilia. Jerry anapewa haki ya kumtembelea, na kila anapokuja kumwona mbwa, anamwona na mtalaka wake.

Na mtalaka amepata mchumba. Dan Leeson ni tajiri wa mafuta kutoka Oklahoma, mkweli, mpole, anaishi na mama yake. Hana kosa. Klabuni anamchezesha Lucy dansi la kurukaruka hadi mwenyewe anatamani ardhi ipasuke, na Jerry, badala ya kununa, anampa kiongozi wa bendi pesa wimbo urudiwe, anavuta kiti, anakaa kutazama. Ni ukatili, lakini ni ukatili wa mtu anayejua hasa nini kinamwaibisha mkewe. Dan hajui. Angeishi naye miaka ishirini asijue.

Hapo ndipo naona kiini cha dhana yenyewe. Watu husema komedi hizi ni za kusameheana. Sidhani. Filamu haituambii kamwe nini kilitokea kwenye ile nyumba ya wageni, wala Jerry alikuwa wapi wakati akijidai yuko Florida. Hakuna anayetubu, hakuna anayeapa. Kinachopimwa ni kama bado wanachekeshwa na jambo moja.

Tazama tukio la uimbaji. Jerry anavamia kwa mwalimu wa muziki akidhani atafumania, kumbe Lucy anaimba mbele ya wageni waheshimiwa. Anakaa nyuma, kiti kinamponyoka, anaporomoka na vitu vyote. Lucy anamwona, hakatishi wimbo. Anafikia sauti ya mwisho, na kicheko kinamtoka ndani ya ile sauti ya mwisho, kimepangika kama noti. Mwigizaji asiyeweza kuimba asingekiweza. Dunne, mzaliwa wa Louisville, Kentucky, alisomea muziki Chicago akitaka kuwa mwimbaji wa opera, na alikuwa jukwaani kabla ya sinema. Ndoa nzima ya Warriner imo ndani ya kicheko kile.

Mwongozaji Leo McCarey alizoea kubadilisha mambo palepale kwenye eneo la kupigia picha, maneno yakatungwa siku ileile. Grant aliogopa, akaomba atolewe kwenye filamu. Akabaki, na ndiyo iliyomjenga. McCarey akapata Oscar ya uongozaji. Dunne aliteuliwa, akashindwa na Luise Rainer, aliyekuwa amemshinda mwaka uliotangulia pia. Aliteuliwa mara tano maishani asishinde hata moja, jambo ambalo mimi bado naliona ni dhuluma. Nje ya kamera, mama huyu wa filamu za talaka alikaa na mume mmoja, daktari wa meno, hadi mume alipofariki mwaka 1965.

Zamu ya wivu inapomgeukia Lucy, naye haombi radhi. Jerry amechumbia binti wa matajiri. Lucy anatokea nyumbani kwa wakwe akijifanya dada yake Jerry, mlevi kidogo, sauti ya juu, na anawaimbia wimbo wa klabuni kwa mikogo yote. Wakwe wanaduwaa. Jerry anaona aibu, kisha tabasamu linamponyoka. Uchumba umekufa palepale.

Usiku huohuo wanafika kwenye nyumba ya shangazi Patsy nje ya mji. Saa sita usiku siku 90 zinatimia. Vyumba viwili, mlango mmoja kati yao, kitasa kibovu, na upepo unaoufungua kila mara. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Pwani, mume hurejea kwa kauli, na Jerry naye inabidi aseme: kwamba alikuwa mjinga, kwamba yeye amebadilika, na je, mambo hayawezi kuwa kama zamani, ila tofauti kidogo? Ukutani kuna saa yenye vijisanamu viwili, mume na mke, vinavyotoka kila robo saa na kurudi kila kimoja kwenye kijumba chake. Saa inagonga saa sita kamili. Vijisanamu vinatoka, vinageuka, na safari hii yule wa kiume anamfuata mwenzake hadi ndani ya kijumba chake.